Nyakairu, mlezi wa ndama wa mwenzake

WAHENGA walinena kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Msemo huo ulinijia akilini asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, miaka miwili iliyopita, mama aliponipigia simu kutoka Kabazi. Nilikuwa ndani ya matatu nikielekea kazini jijini Nairobi, na kwa ajili ya kelele za muziki ilimbidi anirudilie maneno mara tatu.

Habari zenyewe zilikuwa hizi. Ng'ombe wetu wawili walikuwa wamezaa katika juma moja. Yule mkubwa wa Friesian, aliyekuwa akitupa lita 20 na zaidi kwa siku, alizaa jike. Nyakairu, yule mkongwe mweusi mwenye titi moja lililokufa, alizaa dume. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, yule mkubwa alikuwa amekufa.

"Jike amebaki bila mama, na mama mzima ana dume," mama akasema. "Haya, niambie wewe uliyesoma, tutafanyaje?"

Msomaji mpendwa, kama una wazazi mashambani na wewe unakaa mjini, bila shaka umewahi kupokea simu kama hiyo. Na bila shaka umewahi kutoa jibu upesi kabla ya kushuka kwenye matatu. Mimi nilitoa langu. Leo ningependa tulichunguze jibu hilo pamoja, maana nusu yake lilikuwa kosa.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu kifo hicho, kwa faida ya wale wanaofuga. Yule ng'ombe aliuawa na homa ya maziwa. Ugonjwa huu aghalabu humpata ng'ombe mwenye maziwa mengi, aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, katika siku tatu za kwanza baada ya kuzaa. Kiwele kikianza kutengeneza maziwa kwa wingi hufyonza kalisiamu iliyo katika damu. Ng'ombe hulegea, masikio yake huwa baridi, huanguka na kushindwa kuinuka, na shingo yake hupinda kuelekea ubavuni. Daktari wa mifugo akimwahi na kumtia kalisiamu mshipani polepole, mara nyingi huinuka siku hiyo hiyo. Lakini usiku ule mvua ya masika ilikuwa ikinyesha, barabara ilikuwa tope tupu, na pikipiki ya daktari ilikwama njiani. Alipofika, kazi ilikuwa imekwisha.

HESABU YA MJINI

Jioni hiyo tulikutana kwa simu, ndugu wote, katika kikundi chetu cha familia. Jambo lililotutia wasiwasi lilikuwa karo. Kitinda mimba wetu alikuwa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, na maziwa ya yule Friesian ndiyo yaliyokuwa yakimlipia sehemu kubwa ya muhula.

Nikatoa shauri langu kwa lugha ya watu wa ofisini. Yule ndama jike auzwe kwa yeyote atakayemtaka, kwa bei yoyote. Dume auzwe pia. Maziwa yote ya Nyakairu yauzwe hadi karo ikaribie, kisha Nyakairu mwenyewe aende kwa mwenye bucha. Alikuwa amezaa mara saba, titi moja halitoi hata tone, na mwenye bucha alikuwa tayari kutoa shilingi 40,000. Ndugu zangu wakaniunga mkono. Hata kitinda mimba mwenyewe alikubali, ingawa niliona amenyamaza.

Mama alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi mna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi wangu mimi ni huyu ndama." Halafu akatuambia kwamba hatamuuza yeyote. Angempa Nyakairu ndama wote wawili awalee.

Nikamwuliza, "Mama, na karo?"

Akanijibu, "Karo ni ya mwaka huu. Mkimuuza huyu jike, ya mwaka wa nne mtaitoa wapi?"

NG'OMBE MLEZI NI NANI?

Ng'ombe mlezi ni ng'ombe anayewanyonyesha ndama wasio wake, peke yao au pamoja na wake mwenyewe. Aghalabu huwa ni ng'ombe ambaye hafai tena kukamuliwa kwa ajili ya soko: mzee, mwenye titi lililoharibika, au msumbufu wakati wa kukamuliwa. Badala ya kubeba maziwa kwenye ndoo na kumnywesha kila ndama, mfugaji humwachia mlezi kazi hiyo.

Wazo lenyewe si geni katika Bonde la Ufa. Ng'ombe wa kienyeji, wale wenye nundu, hawapendi kuachilia maziwa mpaka ndama wao awe karibu. Jamii nyingi za wafugaji zilipofiwa na ndama zilikuwa zikiihifadhi ngozi yake na kumwekea ng'ombe airambe, labda na chumvi kidogo, ili maziwa yashuke. Walijua tangu kale kwamba umama wa ng'ombe uko puani. Humtambua mwanawe kwa harufu.

Ng'ombe wa kigeni waliletwa na walowezi. Sehemu kubwa ya Subukia, ambako Kabazi iko, ilikuwa mashamba yao. Chama cha maziwa cha KCC kilianzishwa mwaka 1925 kwa faida yao, na hadi mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 Mwafrika wa kawaida hakuwa na nafasi ya kufuga ng'ombe wa gredi. Baada ya Uhuru mashamba yakanunuliwa na kugawanywa, yakagawanywa tena kwa watoto, na leo nyumba nyingi zina ekari moja au mbili, ng'ombe wawili au watatu ndani ya banda, na nepia ukingoni mwa shamba.

Katika nyumba kama hizo ndama ana mshindani. Tangu serikali ilipoondoa udhibiti wa bei ya maziwa mwaka 1992, wachuuzi wamekuwa wakifika hadi mlangoni, zamani kwa baiskeli na sasa kwa bodaboda. Kila lita ina pesa taslimu asubuhi hiyo hiyo. Basi mtu huona kwamba lita anayoinywa ndama ni pesa zilizomwagwa. Humpunguzia hadi lita mbili, humwongezea maji, na ndama hubaki na tumbo kubwa, nywele zilizosimama na mbavu za kuhesabika. Akinusurika na kuhara, atachelewa kupata mimba mwaka mzima au zaidi. Mwenyewe hulalamika ati mbegu ya daktari haikuwa nzuri!

JINSI MAMA ALIVYOFANYA

Bahati ni kwamba yule jike alikuwa amepata dang'a kabla mamake hajafa. Hili ni jambo la kwanza na kubwa. Ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha mwilini, kwa kuwa kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga hiyo. Huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Utumbo wake huipokea vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo, na baada ya siku moja mlango huo huwa umefungwa. Ndama wa gredi anahitaji lita 3 au 4 za dang'a mapema iwezekanavyo. Asipopata, hata walezi kumi hawatamfaa sana.

Nyakairu alikuwa amezaa siku mbili kabla, na alikuwa amekwisha kumjua mwanawe. Mama aliwaweka ndama wote wawili katika kizimba kimoja, walale pamoja na kuchanganya harufu. Gunia alilolalia dume akalichukua na kumsugua nalo yule jike, mgongoni na mkiani. Kisha akamnyunyizia chumvi ya mifugo.

Asubuhi ya kwanza Nyakairu alifungwa vizuri, akawekewa chakula kitamu horini. Dume akatangulizwa ili maziwa yashuke. Yalipoanza kushuka, jike akaletwa upande wa pili. Nyakairu akageuka, akanusa, akapiga teke. Mama akamrudisha jike kizimbani, akangoja, akamleta tena. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Kitinda mimba alikuja kutoka Njoro siku ya Ijumaa jioni kumsaidia, maana magoti ya mama si ya kuruka mateke tena.

Ni yeye aliyegundua kitu. Jike alikuwa ameacha kusogea ubavuni. Alikuwa akipita nyuma, katikati ya miguu, akiingiza kichwa huko na kunyonya mahali ambapo pua ya Nyakairu haifiki. Kijana akatupigia simu akicheka, "Huyu amejifunza maisha!" Na kweli, wafugaji wanajua kwamba ndama wa kambo hupenda njia hiyo ya nyuma. Kufikia siku ya tisa Nyakairu alikuwa akimramba. Hakupenda kwa moyo wote, nadhani, lakini aliacha kupiga teke.

Ndama hawakuachwa na mlezi mchana kutwa. Waliletwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kisha wakarudishwa kizimbani. Hilo lilimwezesha mama kuona nani ananyonya na nani ananyang'anywa. Lilimzuia pia mwenye nguvu asinywe kupita kiasi na kuhara. Titi moja kati ya matatu lilikamuliwa kwanza kwa ajili ya chai ya nyumbani.

SASA TUHESABU

Nyakairu alikuwa akitoa lita 12 kwa siku. Nyumbani zilibaki lita 3, na ndama waligawana 9, yaani kama lita nne na nusu kila mmoja.

Jike alinyonya kwa siku 70. Hizo ni lita 315, na kwa shilingi 45 kila lita ni shilingi 14,175. Dume alinyonya siku 28, kisha akauzwa. Hizo ni lita 126, shilingi 5,670. Jumla ya maziwa ambayo hayakuuzwa ni shilingi 19,845.

Nilipomsomea mama hesabu hiyo, hakushtuka. Aliniuliza swali moja tu: mtamba wa Friesian mwenye mimba anauzwa pesa ngapi? Nikamjibu kwamba hupita shilingi laki moja. Akaniuliza tena, mimi nikiwa na mshahara wangu, ninazo hizo laki moja za kumnunulia? Nikanyamaza.

Tuseme ukweli wote. Jike huyo angekunywa maziwa kiasi hicho hicho hata kwa ndoo. Mlezi hapunguzi maziwa ambayo ndama anahitaji. Anachopunguza ni kazi na makosa: kupasha maziwa moto, kuosha ndoo mara mbili kwa siku, kumfundisha ndama kunywa kwa kidole, na kuhara kunakoletwa na maziwa baridi au chombo kichafu. Kwa mwanamke wa miaka 68 anayeishi peke yake, kazi hiyo si kitu kidogo. Faida ya pili ni kwamba mchuuzi hawezi kununua kilichokwisha kunyonywa. Mama mwenyewe alikiri kwamba maziwa yakiwa ndani ya ndoo, na mtu wa bodaboda yuko mlangoni, mkono wake humpunja ndama bila yeye kutaka.

Upande wa dume mimi bado ninashikilia neno langu. Angeuzwa baada ya majuma mawili, tungeokoa lita 63, yaani shilingi 2,835. Mama anasema Nyakairu asingeachilia maziwa kwa mgeni peke yake mapema hivyo. Hapo hatujaelewana hadi leo.

Na karo? Karo tuliilipa sisi. Dada yangu alitoa nusu, mimi nikatoa nusu, nami nikaahirisha kununua friji. Nalisema hili bila kujisifu, kwa sababu shauri langu la kwanza lilikuwa ni ng'ombe alipe ili friji yangu isiguswe.

TAHADHARI

Kuna wasomaji ambao wataufunga ukurasa huu na kuwapigia wazazi simu leo hii. Tafadhali, subirini kidogo. Si kila ng'ombe anafaa kuwa mlezi, na si kila boma linamhitaji.

Kwanza, titi lililokufa zamani na kupona ni tofauti na kiwele kinachougua sasa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anaweza kuwaambukiza ndama, na ndama wakahama na vijidudu hivyo kutoka titi hadi titi. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa viuavijasumu hayafai kunyonyeshwa wengine. Daktari amchunguze mlezi kwanza, kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba vikiwamo.

Pili, usimpe mlezi ndama wengi kuliko maziwa yake. Ng'ombe wa lita 12 analea wawili, basi. Na akibaki na mmoja, kamua kinachobaki, kiwele kisijae na kuumwa.

Tatu, ng'ombe anayenyonyesha huchelewa kurudi kwenye joto. Ukitaka apate mimba tena upesi, fikiri mara mbili. Mlishe pia vizuri kuliko wengine, maana mlezi mwenye njaa hujikausha mwenyewe.

Nne, maziwa peke yake hayamfanyi ndama kuwa ng'ombe. Tumbo la kucheulia hukua kwa chakula kikavu na maji safi. Anza kumwekea chakula cha ndama kidogo kidogo tangu juma la kwanza. Akifikisha kilo moja kwa siku kwa siku tatu mfululizo, aweza kuachishwa ziwa. Yetu tulimwachisha akiwa na majuma kumi. Alilia siku mbili, na Nyakairu akamwitikia.

Tano, kupe. Katika sehemu zetu ndigana humwua ndama mnene upesi kama inavyomwua mwembamba. Mwogeshe au mpake dawa kwa kufuata maagizo, wala usimpeleke malishoni ovyo.

MWISHO WA NYAKAIRU

Najua wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mngependa nimalizie kwa kusema Nyakairu bado yuko bandani, anakula nepia za uzeeni. Hapana. Baada ya kuwaachisha ndama, mama alimkamua miezi mitano mingine. Maziwa yalipopungua, daktari alijaribu kumpandisha mara mbili naye hakushika mimba. Mwezi wa Februari mwenye bucha alikuja. Alitoa shilingi 38,000, pungufu ya bei ya kwanza kwa shilingi 2,000 tu, na pesa hizo zilikwenda moja kwa moja kwenye karo.

Wanangu walikuwa wamekwenda kwa shosho wao mwisho wa juma hilo, na binti yangu mdogo alilia sana. Alimwuliza shosho kwa nini amemuuza aliyekuwa amewalea watoto wa watu. Mama hakumdanganya. Alimwambia, "Mjukuu wangu, hata mimi nimelia. Lakini alimaliza kazi yake kabla ya kwenda. Hatukumwuza kazi ikiwa mkononi." Kisha akamshika mkono, wakaenda kumwekea yule mtamba maji.

Mtamba huyo leo ana miezi 24 na mimba ya miezi saba. Kiwele kimeanza kushuka. Kitinda mimba yuko mwaka wa nne, na akirudi nyumbani humpima kifua kwa utepe na kuniletea takwimu kama mhasibu. Hatujui atazaa nini. Ng'ombe ni ng'ombe, na huenda msemo wa wahenga ukatimia tena bandani mwetu. Lakini safari hii mama amekwisha kuandika namba za madaktari wawili wa mifugo ukutani, na chupa za kalisiamu ziko tayari kabatini zikimngoja mmoja wao.

Basi, wewe uliye mjini, mama akikupigia simu kesho, usimpe jibu ungali ndani ya matatu. Shuka kwanza. Mwulize yeye anaonaje, kisha jiulize wewe utatoa nini ili shauri lake liwezekane.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.